Bitana ya Joho la Babu Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepata njia ya kwenda Tashkent! Bila kuomba, bila kulia, bila kugombana na Mama mkwe. Akili hii yote, na shule niliishia darasa la tisa.

Leo mtaani kwetu amekuja Daktari Saodat, mama wa miwani, anaandika kitabu kuhusu mavazi na biashara za watu wetu zama zile tulipotawaliwa na mfalme wa Warusi. Ametukusanya wanawake, akasema kila nyumba ya mji wetu wa Margilon yenye joho la zamani ilitoe, Ijumaa atapita kuyakagua. Atakalolichagua litaenda kwenye maonyesho Tashkent. Na mwenye joho ataenda nalo! Wiki nzima, nauli na malazi juu yao, asimulie habari zake mbele ya wasomi.

Tashkent ndiko aliko Hamdam wangu, anawajengea wenzetu maghorofa. Aliondoka Munisa akiwa bado tumboni. Sasa Munisa ana miezi minne, na baba yake anamjua kwa simu tu, yaani anajua tundu moja la pua na kipande cha paji la uso.

Nikimgusia Mama mkwe habari ya safari, anasema mke wa mwanawe hapandi gari kumkimbilia mume kama mbuzi aliyekata kamba. Labda aitwe kwa shughuli ya heshima. Haya, Mama. Wasomi si heshima?

Jumanne, 8 Oktoba

Joho lipo! Ndani ya sanduku, chini ya mifarishi kumi na minne. Lilikuwa la babu yake Hamdam, mwoka mikate. Hariri tupu, nyekundu na njano na buluu zinavyoingiliana utadhani moshi. Munisa amelishika kwa vidole vyake vyote akacheka. Nimechukulia ni dalili njema.

Mama mkwe amekubali. Amesema likichaguliwa nenda, lisipochaguliwa usinisumbue tena mpaka mtoto aanze shule.

Ila ndani, jamani! Bitana yake, kitambaa cha upande wa ndani, ni chiti, pamba ya maua ya kiwandani, ya Kirusi, maua makubwa kama kabichi. Aibu gani hii.

Zebiniso, mke wa kaka yake Hamdam, tunayeishi naye ua mmoja (sikuchagua), naye ana joho la kwao. Anasema lina miaka mia mbili. Juzi lilikuwa na mia. Amechungulia ndani ya langu akasema, "Mdogo wangu, hili nje bwana harusi, ndani pazia la jikoni." Nikacheka kwa adabu, kama impasavyo mke wa mwana mdogo wa nyumba. Kisha nikaenda kumpikia chai bila majani.

Jumatano, 9 Oktoba

Daktari Saodat amepita kusikiliza habari za majoho. Nilikuwa nimejiandaa. Nimemwambia hili alipewa babu na Amiri wa Bukhara mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya jeshi.

Daktari hakuandika hata neno. Ameuliza kwa upole Amiri wa Bukhara alikuwa anatafuta nini Margilon, maana huku kulikuwa kwa Khan wa Kokand, na hao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Nikajibu kwamba pengine alikuja kwa siri. Kununua mkate.

Zebiniso akapaliwa na chai. Natumaini iliunguza.

Hapo Mama mkwe, kichwa nusu ndani ya tanuri la mikate, akapaza sauti kuwa Amiri gani, mwanangu, acha kutuchekesha. Joho hilo marehemu babu alivishwa kwenye sherehe ya tohara ya watoto wa muuza kamba, kama kila mgeni anavyovishwa. Aliyemvisha naye alilipata kwenye harusi. Marehemu alikuwa analitunza amvishe mwingine kwenye sherehe nyingine, likizunguka vile ilivyo kawaida, ila akafa kabla hajaalikwa.

Hayo sasa Daktari ameandika kurasa mbili! Amemuuliza mpaka jina la muuza kamba. Kuna watu hawajui hadithi nzuri hata ukiwawekea mapajani.

Nimekaa nikatafakari nimekosea wapi. Nimegundua. Ni ile bitana. Daktari aliiona pembeni ya mkono, ndiyo maana hakuniamini. Nani avishwe na Amiri joho lenye pazia la jikoni?

Alhamisi, 10 Oktoba

Kazi imeisha. Nimefumua chiti yote, mshono kwa mshono, Munisa akiwa kwenye susu yake ya kulalia ananitazama kama msimamizi. Nimetia bitana mpya ya sokoni, waridi mpauko, inang'aa mpaka unajiona. Muuzaji ameapa haichuji, haikunjiki, haishiki moto. Wafalme wangeitamani.

Chiti nimeichana matambara. Kitu cha bure hakitupwi. Kipande kimoja nimetandika chini ya Munisa. Kingine Mama mkwe amefunikia unga wa mkate. Cha tatu Zebiniso amekichukua cha kushikia sufuria, bila kuomba, bila shaka.

Nimemwambia Hamdam kwa simu kwamba aanze kufagia chumba. Akauliza kuna nini. Nikakata. Mwanamke lazima abaki na siri kidogo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku mbaya. Ilianza nzuri sana.

Daktari alianza na joho la Zebiniso la miaka mia mbili. Akaligeuza, akapapasa ubavuni, akakuta zipu. Zipu! Kumbe lilishonwa kwa ajili ya kikundi cha ngoma wakati mama yake Zebiniso anasoma. Zebiniso akasema pengine zipu zilikuwepo zamani ila watu hawakuzitangaza. Nililazimika kwenda kumbadilisha Munisa nepi kavu ili nicheke vizuri.

Zamu yangu. Daktari akalitandaza joho juu ya mkeka, akasema ni zuri mno, tena hapa Margilon hasa ndiko lilikofumwa. Akaligeuza ndani.

Akakaa chini. Akaomba maji.

Nikamweleza kwa fahari kwamba lile tambara baya nimelitoa, asijali. Akaniuliza kama nimelichoma. Nikasema hapana, huku nikishangaa macho yake yalivyojaa machozi. Akasema kila mtu anatunza hariri ya nje, lakini yeye ametoka Tashkent kutafuta bitana. Maana pamba ililimwa huku kwetu, bonde la Fergana, ikapanda treni kwenda Urusi, ikarudi ikiwa chiti ya maua, na babu zetu wakaivaa ndani, upande wa ngozi, huku nje wakijionyesha kwa hariri yao wenyewe. Anasema dola yote ile ya mfalme iko pale ndani ya joho. Mimi nilikuwa nimeiweka chini ya mtoto anayekojoa.

Zebiniso akasema, "Daktari, msamehe tu, huyu ana mtoto mchanga, akili imeenda na maziwa." Dada yangu mpenzi!

Joho halijachaguliwa. Mama mkwe aliniongezea tu nyama kwenye sahani yangu ya pilau, jambo lililoniumiza zaidi ya matusi. Munisa nimemnyonyesha huku nalia, akanishika kidole. Nisamehe, mama. Baba ataendelea kuwa wa simu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Daktari amerudi! Asubuhi, hajanywa hata chai. Ameomba vipande. Tumevikusanya vyote: cha kwenye susu, cha kwenye unga, cha sufuria (Zebiniso amekitoa kwa shingo upande, kimeungua pembeni).

Amevipanga uani kimoja baada ya kingine. Cha Munisa amekiangalia kwa kioo cha kukuzia, hasa pale pembeni palipo na doa kubwa la wino mweusi, vijiherufi vya Kirusi na tarakimu kama za mwaka. Ameliangalia mpaka machozi yakamlenga. Nimeona aibu kubwa. Nyumba yetu ni safi, sijui doa lile lilitoka wapi.

Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia moyoni mara mia. Amesema mimi tu ndiye ninayejua kila kipande kilishonwa wapi na uzi ulipita vipi, maana ni mimi niliyefumua. Kwa hiyo vipande vinakwenda, joho linakwenda, na mimi nakwenda, nikaonyeshe mbele ya watu. Na Munisa!

Mama mkwe akasema, "Haya, kwa kuharibu pia watu wanaitwa kwa heshima. Dunia imeendelea." Lakini alikuwa anakanda unga wa mikate ya safari. Kwa Hamdam peke yake ameanza na ishirini.

Jumapili, 13 Oktoba

Tunaondoka kesho saa moja asubuhi.

Jana Daktari, akiwa anaaga, alinishika mikono akaniomba sana vipande vibaki vilivyo, nisivifanye chochote, atavipiga picha za kina huko huko Tashkent. Wasomi wana adabu! Hawezi kumwambia mtu waziwazi kwamba kitu chake kina mkojo na masizi. Lakini mimi nimemwelewa.

Kwa hiyo leo nimeamka na sabuni. Nimevichemsha, nimevisuuza mara nne, nimevianika juani, nimevipiga pasi. Vinanukia kama Munisa akitoka kuoga. Doa la wino ndilo lililonisumbua. Halikutaka. Nikalitia dawa ya madoa, nikalisugua mpaka vidole vikachubuka, Zebiniso akinitazama bila kusema kitu, kwa wivu.

Sasa limetoka lote, herufi na tarakimu zake. Huwezi hata kujua lilikuwa upande gani.

Natamani kesho ifike nimwone Daktari atakavyofurahi.