Dereva wa Mstari D

Makungu aliisikia riziki yake ikiongea kwenye kiti cha pili cha kinyozi, Handsworth, Birmingham, huku ndevu zake mwenyewe zikiwa zimenyolewa nusu.

"Mtoto yangu anaolewa Lyon, Ufaransa," Papa Gaston alikuwa akimwambia kinyozi. "Wamama wote wa kanisa wanakwenda. Tukishuka stesheni, iko metro, iko tramu, iko na kagari ka kupanda mlima. Nitawalipia wote? Mimi ni benki?"

Papa Gaston hakuwa maskini. Alikuwa na karakana Hockley, nyumba Stechford, na gari la viti saba alilolifunika turubai kwa sababu kulitembeza ni kulichakaza. Makungu hakuwa na gari, na huo ndio uliokuwa msiba wa maisha yake: mjanja mzima, suti imenyooka, anakimbizana na basi kwenye mvua ya Soho Road! Alikuwa ameapa kukiaga kituo cha basi milele.

"Lyon?" akasema, povu likimdondoka kidevuni. "Mzee wangu, metro ya Lyon nimeiendesha mpaka mgongo ukaota sugu. Mstari D."

Mungu atusamehe sote. Ufaransa Makungu alikuwa ameiona kwenye mpira tu.

"Kuna kadi za familia za madereva," akaendelea. "Ukionyesha, unapita bure. Metro, tramu, mlima, vyote."

"Bure?" Papa Gaston aligeuka ghafla, kinyozi akaruka nyuma na wembe wake.

"Bure kabisa. Na mimi pesa sitaki, mzee. Pesa huvunja undugu. Ila lile gari unalolifunika kama maiti..."

Papa Gaston akakubali, gari kwa kadi, na kadi zikapatikana upesi: kadi kuukuu za basi za Birmingham, kila moja imebandikwa simba mdogo wa dhahabu, maana simu ya Makungu ilimweleza kuwa alama ya Lyon ni simba. Na ili kazi ionekane kazi, akatoa mafunzo. Jumamosi akawapandisha wamama basi la Soho Road, wote katika sare ya kitenge cha harusi. Nauli ya Birmingham walilipa wenyewe. Kadi za simba walizipunga tu, kwa mazoezi.

"Bonjour!" wakamwimbia dereva, mmoja baada ya mwingine. Dereva, Singasinga mwenye kilemba cha buluu, akawaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona mengi.

"Sasa tuko Bellecour," Makungu akatangaza. "Hapa mnabadilisha treni."

Bibi Lucie, aliyewazidi wote umri, akanusa hewa ya dirishani. "Bellecour iko na sambusa?"

"Lyon ina kila kitu, bibi."

Kiti cha nyuma alikaa Mama Sylvie, dada mkubwa wa Gaston na mwenyekiti wa wamama. Yeye hakucheka.

"Mtoto yangu, ile metro ya mstari D, dereva anakaa mbele ama nyuma?"

"Mbele, mama! Akikaa nyuma ataona nini?"

"Kweli kabisa," akasema Mama Sylvie, akaipachika kadi yake ndani ya Biblia. Waliposhuka akamwambia: "Kwetu kiongozi wa safari halipwi kwa kona. Kesho njoo kanisani. Tutakuombea, na Gaston atakupa ufunguo mbele ya watu."

Makungu hakuona ubaya. Mara ya mwisho kuingia kanisani alikuwa amebebwa, analia, anabatizwa.

Jumapili, mbele ya madhabahu, wamama wakamwekea mikono kichwani mpaka shingo ikamuuma. Papa Gaston akautoa ufunguo kama mtu anayeng'olewa jino.

"Uinue, mtoto yangu," Mama Sylvie akanong'ona. "Watu waone."

Akauinua.

Ngoma zikalipuka. Vigelegele vikapaa, kwaya ikashuka ikicheza, na kikapu chenye kitambaa cheupe kikaja kusimama chini ya mkono wa Makungu. Maana katika kanisa lile, tangu walipokuwa Bukavu, Kongo, kitu kilichoinuliwa madhabahuni kimeshatolewa kwa Mungu, hakirudi mfukoni. Kwaya ikangoja. Kanisa zima likangoja, limetabasamu. Vidole vya Makungu vikalegea, ufunguo ukaanguka kikapuni.

"Gari la wamama!" mchungaji akapaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Na dereva wake!"

"Amina!"

Makungu alimfuata Mama Sylvie hadi nje. "Mama, kumetokea makosa. Lile gari ni langu."

"Ile mstari D haina dereva. Inajiendesha yenyewe. Mimi nilikaa Lyon mbele ya kuja huku, nilikuwa naipanda kila siku."

Makungu akashusha sauti. "Sasa mbona ulinyamaza?"

"Tangu Pasaka naomba Gaston hiyo gari ya kubeba wabibi. Mdogo wangu hatoi kitu. Nikafunga, nikalia mbele ya Mungu. Voilà, akakutuma wewe." Akaichomoa kadi ya simba. "Gaston nitamwambia hizi zimepitwa na siku, na si uongo. Atanunua tikiti kama watu. Huyu dereva alizitoa wapi, hiyo nitanyamaza, ukikuja kila Jumapili kubeba wabibi. Stechford, mapema. Bibi Lucie hapendi kungoja."

Basi kila Jumapili gari la viti saba husimama Stechford, Makungu usukani, na wabibi hupanda wakimpungia dereva kadi za simba. "Bonjour, chauffeur!" Wanapita bure. Ibada ikiisha huwarudisha makwao, huliegesha gari uani kwa kanisa na kuutundika ufunguo kwenye msumari wa mchungaji. Kisha mjanja wetu, suti imenyooka, huinua kola yake juu ya masikio na kukimbilia basi.