Taa za Rangel Zisizopenda Uongo

Rangel alifika kwenye mtambo wa rakia, ile pombe kali ya plamu, akiwa ameloa mpaka soksi, na tumboni hamna kitu. Hakuwa na pipa la plamu, wala mti wa plamu, wala kiwanja cha kupanda mti wa plamu. Alichokuwa nacho ni ulimi, na pikipiki kuukuu yenye taa mbili za ziada mbele, kubwa kama sahani za supu.

Taa hizo zilikuwa na wazimu wake. Alizibadilishia balbu, akazibadilishia fyuzi, akaitukana swichi, wapi! Usukani ukinyooka, giza. Akiukata kushoto, zinawaka kama jua la Julai. Basi Rangel alikuwa mtu pekee katika Bulgaria nzima aliyeona vizuri kwenye kona za kushoto tu.

Akaisukuma pikipiki yake hadi chini ya paa la banda. Ndani kulikuwa na joto na kelele. Kila vuli watu huleta hapo mapipa yao ya plamu zilizochacha, kisha hukaa kusubiri zamu, wakichoma pilipili hoho na kusimulia mambo ambayo hayajawahi kutokea. Lakini siku hiyo kulikuwa na ugomvi.

"Pipa zima, Kuncho!" alikuwa akisema Bibi Tsona, mjane mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani. "Pipa zima, halafu unanipa chupa mbili? Mjukuu wangu Yoana anaolewa Jumamosi. Wageni niwape nini, maji ya kisima?"

Kuncho, mwenye mtambo, alijishika kifua. "Plamu zako zilikuwa maji matupu, mama. Mimi sijagusa hata tone. Mungu ananiona."

Wakati huohuo Rangel akakata usukani kushoto ili aegeshe. Taa zote mbili zikawaka, zikampiga Kuncho usoni.

"Na pikipiki pia inakuona!" alipayuka mtu, na banda zima likaangua kicheko.

Rangel peke yake hakucheka. Alimtazama Kuncho, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye masharubu, akaitazama rakia ikidondoka kutoka kwenye bomba, na njaa ikampa wazo.

"Msicheke, jamani," alisema kwa sauti ya msibani. "Hizi taa ni za polisi wa Vienna. Zinahisi uongo. Mtu akidanganya mbele yake, zinawaka. Nilivyozipata ni mkasa ambao siwezi kuusimulia mbele ya watoto."

"Mbona hapa hakuna mtoto?" aliuliza Metodi, fundi wa matrekta, mtu mkubwa kama kabati na mpole kama ndama.

"Basi hata mbele ya watu wazima. Wewe, kaka, umekunywa vikombe vingapi leo?"

"Kimoja."

Goti la Rangel likausukuma usukani taratibu. Taa zikawaka.

"Viwili," alisema Metodi. Taa zikaendelea kumkodolea. "Haya, vitano! Lakini vilikuwa vidogo!"

Usukani ukarudi, taa zikazimika. Watu wakapiga makofi. Metodi mwenyewe ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

"Mwanangu," Bibi Tsona alimsogelea Rangel, "sasa mwulize Kuncho kuhusu rakia yangu."

"Tutamwuliza, bibi. Ila taa zipumzike kwanza. Na mwenye taa naye ale."

Bibi Tsona hakuuliza zaidi. Alimkalisha karibu na moto, akamwekea mkate, jibini nyeupe na pilipili za kuchoma alizokwisha kuzimenya. Alipoziona glavu zake zinachuruzika maji, alizikamua, akazitandaza juu ya matofali ya jiko, akawa anazigeuza kila mara kama mtu anayechoma samaki. Rangel alihisi kitu kinamkwaruza kifuani. Akailaumu pilipili.

Kabla hajamaliza, Kuncho alimvuta nyuma ya lundo la kuni.

"Hivi hizo taa, zinaweza kulala usingizi kidogo?"

"Inategemea zimekunywa nini."

Kuncho akaondoa magogo mawili. Nyuma yake kulikuwa na mtungi mkubwa wa kioo, umejaa rakia mpaka shingoni. Rangel hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Kitu kile kikamkwaruza tena, naye safari hii hakuwa na pilipili mdomoni.

"Zitalala kama watoto wachanga," alisema.

Wakaubeba mtungi kupitia nyuma, wakaufunga kwenye keria ya pikipiki, wakaufunika kwa koti la mvua. Metodi, aliyekuwa amechutama karibu na gurudumu la mbele, aliwapungia mkono kwa furaha. Nao wakampungia.

Mahakama ikakaa. Rangel alipanda pikipiki, akanyoosha usukani kama rula. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Kuncho ajibu, giza litawale, kisha yeye na mtungi wapotee nyuma ya kilima.

"Kuncho," alisema, "uliiba rakia ya bibi huyu?" Akabonyeza swichi.

Taa zikawaka. Kuncho alikuwa bado hajafungua mdomo.

Rangel akaukata usukani kulia. Zinawaka. Kushoto. Zinawaka. Akaitingisha pikipiki kama mti wa plamu wa jirani. Zinawaka tu, imara, nyeupe, bila kupepesa, kama macho ya mwalimu mkuu.

"Mbona hazilali?" alinong'ona Kuncho.

"Hata mimi nashangaa."

"Unashangaa nini?" Kuncho akasahau kunong'ona. "Tulikubaliana! Nimekupa mtungi mzima wa rakia ya yule mama!"

Mtu mmoja akaenda akalivuta lile koti la mvua. Mtungi ukaonekana, umeketi kwenye keria kama bibi harusi.

"Huo mtungi siujui," alisema Rangel haraka. Kila mtu akazitazama taa. Zilikuwa zinawaka. "Yaani, nilikuwa nimpelekee bibi nyumbani kwake." Zinawaka. "Jamani, taa zimeharibika!"

"Mwongo!" walijibu wote kwa pamoja.

"Hazijaharibika, ndugu yangu, ndiyo kwanza zimepona," alisema Metodi, uso umemchanua. "Wakati unakula niliona waya wa eathi, ule wa kurudisha umeme, umelegea pale unapofungwa kwenye chuma, na bolti imejaa kutu. Ulikuwa unagusa pale tu usukani unapokatwa kushoto. Nikaupiga msasa, nikaukaza. Nikasema, taa zenye kazi kubwa hivi zisije zikazimika katikati ya kesi. Hunidai wala sikudai."

Kuncho akainama kuiangalia ile bolti.

"Ina maana," alisema Kuncho polepole, "sikuwa na haja ya kukiri?"

Wanaume wawili walianza kukunja mikono ya mashati, wakiliangalia tangi la maji baridi la mtambo, kisha wakimwangalia Rangel. Yeye alifumba macho.

"Mwacheni," alisema Bibi Tsona, ambaye tayari alikuwa ameukumbatia mtungi wake. "Mtupeni huyo Kuncho, maana ana nguo za kubadilisha nyumbani."

Walimtii. Wakati maji yanaruka na Kuncho anawataja watakatifu wote, bibi alirudi jikoni, akamletea Rangel glavu zake. Zilikuwa zimekauka, zina joto kama mkate.

"Vaa, usije ukaugua. Na Jumamosi uje harusini. Uje mikono mitupu, na uondoke mikono mitupu."

Rangel akavaa. Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, lakini mbele yake njia ilionekana yote, kona za kushoto na za kulia.

"Asante, bibi," alisema.

Watu wote wakageuka kuzitazama taa.

Rangel akanyoosha kidole, akazima swichi.

"Asante, bibi," alisema tena.

Kisha akaziwasha, akaenda zake.