Saa Yangu Moja Iliyopotelea Angani

Kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Ndege,

Pokea salamu za mtu mzima. Mimi nimekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na mmoja, na shule nimefika darasa la tatu, ila hilo la tatu nililisoma mara mbili, kwa hiyo wewe hesabu la nne. Nakuandikia kutoka chumba cha wageni kwa dada yangu mkubwa, ambaye hatukuwa tumeonana miaka kumi na mmoja. Nilikuja kwa siku nne, nikamshonea mapazia, na leo nilitakiwa niwe nimesharudi kwangu. Ndege yako imeniacha. Malalamiko ni haya:

1. Siku ya kuja, tiketi ilisema tunaondoka saa mbili asubuhi, tunafika saa nne na dakika kumi. Tulipotua, saa yangu ya mkononi ilisema saa tatu na dakika kumi. Nikamuuliza mhudumu saa yangu nzima imekwenda wapi, akasema saa za huku ziko mbele. Mheshimiwa, nina miaka sabini na minne. Saa za kuchezewa sina.

2. Kurudi, tiketi hiyohiyo inasema tunaondoka saa nne, tunafika saa nne na dakika kumi. Nimepima kwa futi yangu ya nguo kwenye ramani iliyo ukutani kwa dada. Kwenda inchi tisa, kurudi inchi tisa. Ni kweli diwani aliwahi kutoka kwangu na suruali yenye mguu mmoja mrefu, lakini hata mimi sijakosea kiasi hicho. Anayekwenda kwa saa mbili na dakika kumi, akarudi kwa dakika kumi, huyo wakati wa kwenda alipotea njia.

3. Saa yangu sikuigusa. Alininunulia marehemu mke wangu, nayo haijawahi kunidanganya. Basi jana nikafika uwanjani saa tatu u nusu, nusu saa kabla, natembea kwa maringo. Binti wa kaunta akaniambia, "Babu, hapa ni saa nne u nusu. Ndege imeshaondoka." Nikamwagiza airudishe. Alicheka mpaka akavua miwani.

Na ujue kuagana na dada hakukuwa kazi ndogo. Miguu yake haimbebi siku hizi, lakini alijikongoja mpaka mlangoni, akalishika begi langu asiliachie. Akauliza, "Utakuja tena lini, mdogo wangu?" Nikajifanya natazama saa.

4. Kwa hiyo naomba rubani apite njia ile ya dakika kumi kwenda na kurudi, na ndege ya Ijumaa isiondoke mpaka saa yangu iseme saa nne. Abiria nitawaeleza mwenyewe. Nikieleza jambo mimi, hata aliyesimama hutafuta pa kukaa.

Nisalimie marubani, wahudumu, na yule binti wa miwani, mwambie sina kinyongo.

Ni mimi, niliyeachwa,
Fundi Mkuu wa Suruali

Nyongeza: Habari ya saa za huku dada alinieleza siku ileile niliyofika, mara mbili, na nilielewa mara ya kwanza. Mapazia yamebaki ya madirisha mawili. Ijumaa msinisubiri.