Uzinduzi wa Kitengo cha Vinundu vya Mapafu

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, mheshimiwa makamu wake, mheshimiwa msaidizi anayemwakilisha makamu ambaye naye yupo, madaktari, wauguzi, wagonjwa mliolazwa na wagonjwa mlioruhusiwa mkabaki ili kujaza viti, mimi mgeni rasmi wenu nasema itifaki imezingatiwa! (Mtu anakohoa.) Nashukuru kwa kikohozi hicho, maana leo tunazungumzia mapafu.

Kinundu ni nini? Wataalamu walinieleza, nami nikawafafanulia upya, kwamba ni kidoa kinachoonekana pafuni mtu anapopigwa picha kwa shida nyingine kabisa, mfano hai akiwa mama yetu fundi cherehani, simama mama wakuone, aliyeanguka kwenye ngazi, akapimwa mbavu, mbavu zikakutwa nzima lakini pafuni pana kidoa cha milimita saba, ndipo ofisi yangu, kwa kasi ya kutisha, ikamwandalia mchakato shirikishi wa tathmini wenye hatua kumi na nne, ambao hadi sasa umekamilika kwa asilimia mia na kumi upande wa semina! (Makofi ya kamati.)

(Fundi cherehani: “Mheshimiwa, niliambiwa nirudi baada ya miezi sita. Huu wa kumi na moja, kila nikija naambiwa kitengo kinakuja. Usingizi sina.”)

Mama, vinundu vingi havina madhara.

(“Changu je?”)

Chako kimo kwenye mpango mkakati. (Kicheko. Daktari wa picha anainuka: “Mama, uliwahi kupigwa CT ya kifua zamani?” “Miaka minne nyuma, nilipougua nimonia. Ninayo hapa kwenye mkoba, pamoja na ile ya mbavu.” Daktari anaziweka picha mbili dirishani, anapima kwa rula, anapima tena. “Kidoa ni kilekile, hakijakua hata kidogo. Miaka yote hiyo kingekuwa kibaya kingeshakua. Nenda kalale, mama yangu.” Fundi anajifunika uso kwa khanga, analia. Vigelegele.)

Mmeona matokeo ya uongozi wangu? Asilimia mia ya waliosimama leo wamepona! Kinundu? Kifuatiliwe! Mapafu? Juu! Pumzi? Kwa wote! (Wachache wanaitikia.)

Naukata utepe, huku nikimshukuru kwa dhati fundi rangi, aliyeuchora mlango wa kitengo hiki ukutani kwa ustadi mkubwa, hata mimi mwenyewe asubuhi nimepiga hodi mara tatu nikasubiri kukaribishwa.