Kompyuta ya Kujitegemea

Jumatano, Mei 8, 1974
Nimepata njia! Duka letu la ushirika hapa Mtendeni linataka karani wa hesabu. Mwenyekiti, Mzee Masolwa, atatupima Jumamosi ya wiki ijayo. Mpinzani wangu ni mmoja tu, Wenceslaus. Amesoma kwa mapadri, anapiga taipu kwa vidole kumi. Mimi Shomari napiga kwa kimoja, tena nikishaiona herufi. Lakini leo Elieza amerudi kutoka Dar. Huko alikuwa akifagia ofisi yenye kompyuta. Anasema ni mashine inayojibu hesabu yoyote, na imejaa chumba kizima. Mimi nitaunda ya kukaa mezani. Sina hela, lakini si tunaambiwa tujitegemee? Wenceslaus na ajitegemee kwa vidole vyake.

Ijumaa, Mei 10
Nimemhoji Elieza kutwa. Kichwa kinaniuma. Kompyuta ina nini ndani? Nyaya. Inapenda nini? Baridi, kwa hiyo huwekwa kivulini. Ikifanya kazi huvuma. Ikikataa, wataalamu husema imeingiwa na mdudu. Mdudu gani? Elieza hajui, yeye alikuwa wa ufagio tu. Lakini kubwa kuliko yote, lazima iwe na kumbukumbu. Bila kumbukumbu ni sanduku tu. Nikauliza kumbukumbu za nani. Akasema za yeyote, mradi ziwe nyingi. Sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa, nisionekane mshamba.

Jumapili, Mei 12
Sanduku limepatikana! Muuza asali wa Sikonge alikuwa na mzinga mtupu, ule wa kisasa wa mbao. Tumebadilishana kwa pampu yangu ya baiskeli. Baiskeli yenyewe iliibwa zamani, pampu ya nini? Mzinga una mfuniko, na mbele tundu dogo, pa kutolea majibu. Unanukia nta vizuri sana. Akaniuliza nitautundika mti gani. Nikamwambia huu unakwenda mezani. Alinitazama mpaka nikafika kona.

Nyaya nazo nimepata. Nisiandike wapi. Haya, naandika: ndani ya redio ya Sikuzani. Mke wangu aliachiwa redio hiyo na marehemu baba yake, na huifuta vumbi kila asubuhi, mimi sijafutwa hata jasho. Betri zilikwisha mwezi uliopita, hatagundua. Nikipata ukarani narudisha kila kitu, na betri mpya juu. Kasha tupu nimeliweka palepale rafuni.

Jumanne, Mei 14
Siku ya kukusanya kumbukumbu. Nimepita nyumba kwa nyumba. Jirani yetu Bi Mwanamkuu kanipa kofia ya marehemu mumewe, akalia kidogo. Getruda wa nyumba ya pili kanipa picha yake ya kipaimara. Mimi nimetia hirizi niliyovaa utotoni. Zote ndani ya mzinga, juu ya nyaya. Nimeuweka mezani barazani, kivulini, kama Elieza alivyosema. Nimesubiri hadi magharibi. Kimya. Labda inakumbuka polepole.

Alhamisi, Mei 16
INAVUMA! Nimerudi kutoka sokoni nikasikia mvumo mzito, wa kudumu. Bila hata betri! Nilikaa chini kwa furaha. Nyuki wachache wanazunguka tundu la majibu. Bila shaka wamevutwa na mvumo. Nimeiuliza moja na mbili, nikagonga ubavuni. Wakatoka nyuki watatu. Sijui nifikirie nini. Elieza kasikiliza kwa mbali, akasema ya Dar ilivuma hivyohivyo, ila haikunukia asali.

Sikuzani akasema, "Shomari, huo ni mzinga."

Nikamjibu kwamba ulikuwa mzinga. Simlaumu, hajafika Dar. Mimi pia sijafika, lakini nimeongea na Elieza.

Jumamosi, Mei 18
Naandika kwa jicho moja. La pili limefunga.

Baraza letu lilijaa, maana nilimwomba mwenyekiti aje kutupimia hapahapa. Nilimwamkia Mzee Masolwa shikamoo, akaitika marahaba, akakaa mbele na mkongojo wake. Akataka mashine ijumlishe magunia ya chumvi ya miezi miwili. Kabla sijaiuliza, Wenceslaus, kwa wivu wake, akadai yeye haamini kitu asichokiona ndani. Akafunua mfuniko.

Mzee Masolwa aliuacha mkongojo palepale na kunipita karibu na msikiti. Elieza alikuwa ameshatupita sote.

Sikuzani ndiye aliyebaki. Akawafukizia nyuki moshi hadi wakatoka, wakapotelea nyuma ya nyumba. Ndani akakuta kofia ya marehemu imeanza kujengewa sega, na chini yake nyaya anazozijua. Akaenda rafuni, akalinyanyua kasha la redio. Jepesi. Akalirudisha. Mimi nilikuwa nimesharudi, nachungulia mlangoni.

Akasema, "Humo ndimo nilimokuwa namsikia baba."

Amepanda treni kwenda kwa mama yake Kigwa. Atarudi siku redio itakapolia. Nyuki hawakuniuma hivi.

Jumatatu, Mei 20
Ukarani kapewa Wenceslaus, ingawa vidole vyake vimevimba hata kitufe kimoja cha taipu hakionekani chini yake. Kisha Mzee Masolwa akaniita. Nilitarajia mkongojo. Kumbe ushirika una mizinga mitupu huko Sikonge, nyuki wameikataa tangu mwaka juzi. Anasema mtu aliyewaita nyuki hadi barazani mjini hafai kupotea bure. Atanipa kazi ya kufuga nyuki humo, na baiskeli.

Nimekataa! Kwa heshima, lakini nimekataa. Nimemweleza kwamba mimi ni fundi wa kompyuta, na wale nyuki ni mdudu tu aliyeiingia. Tena ile ya Dar huingiwa na mmoja. Yangu iliingiwa na kundi zima, apime mwenyewe ipi ni kubwa. Alinitazama kama yule muuza asali.

Nyumbani kimya. Nimemkumbuka Sikuzani mpaka chai haishuki.

Alhamisi, Mei 23
Muujiza! Alfajiri nimesikia mvumo. Nikadhani ni masikio yangu, bado yana uvimbe. La! Unatoka rafuni. Redio ya Sikuzani! Nyaya zake bado ziko kwenye beseni, naziosha nta. Betri haina. Inavuma! Na chumba kizima kinanukia vizuri. Nimewaza sana, na sasa nadhani nimeelewa: zile nyaya hazikuwa na maana yoyote. Kumbukumbu ya baba mkwe ilibaki kwenye kasha.

Sijaigusa. Nyuki wawili watatu wanaingia na kutoka dirishani, wenyewe wamekuja kusikiliza. Nimempa kondakta wa treni salamu azifikishe Kigwa: redio imepona, Sikuzani arudi, na aje na mama yake ashuhudie. Watafungua kwa mikono yao. Mimi nitainama karibu kabisa, nione uso wake.