Uwanja Wetu na Mwenye Siwa

Jumanne, 9 Juni
Bunge la kaunti linataka kuufanya uwanja wetu wa Kombani maegesho ya malori. Uwanja wetu! Mimi ni kipa. Kwingine kote nina aibu, hata dukani nanyoosha kidole tu. Golini ndipo sauti yangu hutoka. Wakiuchukua, nimekuwa bubu moja kwa moja.

Leo mwalimu katupeleka bungeni, darasa zima, tujionee. Nimemgundua mkubwa wao! Mzee wa glavu nyeupe, siwa ya dhahabu, lile rungu la bunge, begani. Alipoingia wote wakasimama. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa joho, anamfuata tu. Kumbe huyo wa siwa ndiye Mzee Alfani, mtu wa Tiwi. Binamu yangu Swabir asema tuwatafute wajumbe. Kisha kanitania: ati nitawaomba kwa macho? Kacheka peke yake. Tutaona.

Alhamisi, 11 Juni
Jana nilimpelekea Mzee Alfani mahamri na mbaazi za nazi. Leo mkate wa sinia. Nikasema shikamoo, nikatoka mbio. Habari ya uwanja haikutoka mdomoni. Haidhuru, mtu mkubwa huelewa. Anapokea kwa mikono miwili, anafumba macho, midomo inacheza. Anatafakari!

Ijumaa, 12 Juni
Yallah, aibu! Leo Mzee Alfani kaniwahi kabla sijakimbia. Kanipa pole. Kaniuliza marehemu ni nani. Alidhani ni sadaka ya hitima! Muda wote huo alikuwa akiwarehemu wafu wetu. Nikamnong'oneza: uwanja. Kacheka hadi kofia ikamdondoka. Kasema yeye mwajiriwa tu. Kazi yake kubeba siwa na kumtoa nje mjumbe mwenye fujo. Kura hana. Kura ni za wajumbe: wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila wadi, na wa kuteuliwa na vyama, wakiwemo kina mama, vijana na watu wenye ulemavu.

Nikamwambia arudishe sinia la mama. Sikumwambia. Nilitamani tu.

Swabir keshajua. Ananiita Bi Hitima. Sijuti! Angekuwa na kura, ningekuwa nimeshinda.

Jumanne, 16 Juni
Kamati ya Ardhi imekuja Kombani kusikiza maoni ya wananchi. Ukumbi umejaa. Wenye malori wamesema vizuri mno, wana tai. Swabir kanisukumia kipaza sauti, hasidi yule! Nikataka kumrudishia. Mjumbe wa wadi yetu, Mheshimiwa Hasina, kasema: sema tu, mwanangu, hawakuli. Nikafumba macho, nikajiona golini. Nikapiga ukelele: MABEKI RUDINI!

Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Mpaka wenye tai. Basi nikakasirika. Nikasema yote, kwa sauti ileile ya golini: hatuna pengine pa kuchezea, malori yana barabara nzima, na hatuondoki. Wasichana wa timu wakasimama, wakapiga makofi. Mheshimiwa Hasina alikuwa anaandika. Sikumjali sana. Ana mkoba wa kawaida kabisa.

Alhamisi, 25 Juni
TUMESHINDA! Bunge limeutupa mpango wa malori. Uwanja haung'oki!

Swabir asema ni Mheshimiwa Hasina, aliyasoma maneno yangu mbele ya wenzake, wakapiga kura. Masikini Swabir. Haijui serikali. Nilikuwa roshani ya bunge, nikamwona Spika mwenyewe, yule wa joho, akitamka kwamba mpango umekataliwa. Kwa kinywa chake! Swabir asema Spika anatangaza tu waliyoamua wajumbe. Hajui kwamba jana nilimpelekea Spika samaki wa kupaka. Mlinzi wa lango alipokea, akaapa atafikisha. Leo mlinzi ananukia nazi, lakini hilo si hoja.

Sasa tunataka nyavu za magoli. Mheshimiwa Hasina kasema nipite ofisini kwake, mlango uko wazi. Ahsante, lakini mimi si mtoto. Leo nimemwona mkubwa halisi. Koti jeusi, hasemi na mtu, na wajumbe wote wanampisha njia, hata Spika. Alikuwa amebeba birika kubwa linalofuka moshi.

Jumanne namwanza kwa mahamri.