Kanuni ya Saba na Mlango wa Chuma

Jumamosi, 4 Mei

Mbili! Nilihitaji kumi na mbili, dadu ya pande ishirini ikaniletea mbili. Mimi, fundi wa kufuli na funguo kwa miaka kumi na tisa, nimeshindwa na kufuli ya kwenye hadithi.

Tulikuwa wodini, kitanda namba sita, tumemzunguka Kaka. Yeye ndiye Msimulizi wetu. Yeye hutunga hadithi, sisi wachezaji watatu tunasema tunafanya nini ndani yake, na penye mashaka dadu huamua. Miaka mitano tunacheza kila wiki. Mapafu yalipomlaza tukahamishia mchezo hospitalini, saa ya kutazama wagonjwa. Leo alianza kueleza mlango wa chuma mwisho wa pango. Kusikia "mlango" tu, nikarusha dadu, maana kufuli yoyote kwetu hudai kumi na mbili kwenda juu. Hakuwa amemaliza sentensi. Alitaka kusema kitu, kikohozi kikamwahi.

Kinyozi, mchezaji mwenzangu, alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha tano akageuka. Akasema kama ndiyo hivyo, kitasa chake kibovu atampelekea fundi mwingine. Nimemchukia.

Nje, Shemeji akatuita pembeni. Daktari amemwambia kwamba mumewe amebakiza siku chache. Kaka anaomba kitu kimoja tu: aimalize hadithi yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Nimeahidi. Lakini mlango nitaufungua mimi.

Jumapili, 5 Mei

Nimeshinda na kijitabu cha kanuni. Kaka alikitunga mwenyewe. Kanuni ya Saba: "Jaribio lililoshindwa halirudiwi mpaka hali ibadilike."

Hali! Hali gani? Hajasema. Ya mlango? Ya hewa? Ya fundi? Hapa ndipo pa kupenyea.

Nimempigia simu Mwalimu, mwenzetu wa tatu, anayefundisha hesabu. Akasema maana yake ni kwamba kitu kipya kitokee ndani ya hadithi, siyo mimi kupata hamu upya. Watu wa hesabu hawana huruma.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: mafuta. Mwizi wangu, maana kwenye hadithi mimi ni mwizi, anaipaka kufuli mafuta. Kufuli inalainika, hali imebadilika, narusha upya. Safi kabisa!

Kinyozi akaomba kuona orodha ya mizigo yangu. Vitu kumi na moja kwa wino mweusi. "Chupa ya mafuta" kwa wino wa bluu. Akapitisha dole gumba juu yake. Wino ukasambaa, ulikuwa haujakauka.

Kaka alicheka. Nilifurahi kumwona anacheka, muda mrefu hakuwa amecheka hivyo. Halafu kicheko kikageuka, muuguzi akaja mbio kumvika barakoa ya hewa, kikao kikaishia hapo. Shemeji akaniangalia mimi, siyo Kaka. Nilijisikia vibaya mpaka nilipofika kituo cha basi.

Alhamisi, 9 Mei

Kinyozi kaja na nyundo. Ya kwenye hadithi. Anataka auvunje mlango, tuingie, Kaka amalize. Mwalimu akamuunga mkono. Nikaiona njama. Fundi wa kufuli nipo, nimesimama, mlango uvunjwe na kinyozi? Labda niwe nimekufa.

Nikafungua Kanuni ya Tatu: mwenye ujuzi hutangulia. Kinyozi akasema nimeshatangulia, nimeshashindwa. Nikasema kushindwa hakufuti ujuzi. Akasema hauwezi kufutwa kwa sababu haujawahi kuwepo. Tuliendelea hivyo dakika arobaini. Mwalimu alijaribu kutusuluhisha mara tatu, akakata tamaa, akaanza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Katikati ya mzozo Kaka akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, ingieni tu."

Nikageuka kuona nani yuko mlangoni mwa wodi. Hapakuwa na mtu. Nikamnong'oneza Shemeji kwamba homa imeanza kumpanda kichwani. Kaka akafumba macho. Kengele ikalia, wageni tukatolewa. Mlango wa chuma uko palepale na Kinyozi hajaugusa. Siku haikuwa mbaya.

Jumamosi, 11 Mei

Nilikuwa na mpango bora kuliko yote, kurasa nne. Sitauandika hapa.

Muuguzi alitukuta koridoni. Akasema, "Poleni, jamani. Hali yake imebadilika."

Dadu ilikuwa mkononi. Nikasema, "Basi naruhusiwa kurusha." Sijui ilitokaje. Mdomo ulikwenda wenyewe. Muuguzi alinitazama kama mtu aliyekosea wodi. Nilidhani Kinyozi atanirukia. Akanishika bega, akanifungua vidole kimoja kimoja, akaichukua dadu na kuitia mfukoni mwake.

Kaka hakutuona tulipoingia. Nilimshika mkono, ulikuwa mwepesi mno. Nikamwambia Kinyozi auvunje tu huo mlango, haidhuru, auvunje sasa hivi. Nilisema kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Kaka hakusikia. Saa kumi kasorobo alikata roho.

Nimelia chooni, nimelia koridoni, mwisho nikalia mbele za watu. Kaka yangu alitaka kitu kimoja, na mimi nilikikalia juu wiki nzima.

Jumapili, 19 Mei

Leo wiki moja tangu tumzike. Shemeji ametuita nyumbani kwake, sote watatu. Sebule imepangwa vizuri kupita kiasi, dawa zote zimeondolewa mezani. Akatoa daftari la Msimulizi, lile tulilokatazwa kulichungulia miaka yote. Akasoma ukurasa wa mwisho, akivuta pumzi kila mstari:

"Mlango wa chuma. Umerudishiwa tu, haujafungwa. Wasirushe dadu. Wakisukuma, wanaingia. Ndani kuna taa na viti vitatu. Wakae, niwaage mmoja mmoja."

Mwalimu akafunika uso kwa mikono. Shemeji akaendelea. Kinyozi anashukuriwa kwa kumnyoa kitandani bila kumletea kioo. Mwalimu anaombwa asiache kubisha. Kwangu mstari mmoja: "Mdogo wangu, siku nyingine jaribu kitasa kwanza."

Nililia sana. Nilitoka nje, nikanawa uso, nikarudi, nikaomba kusema neno. Nikasema kama dadu haikutakiwa kurushwa, basi ile mbili ni batili. Ifutwe kwenye kumbukumbu, na Kinyozi aniombe radhi. Kinyozi alitikisa kichwa, akavaa viatu vyake. Shemeji akaenda jikoni na hakurudi. Hata kura hawakupiga!

Sawa. Nimerudi nyumbani, nimechonga penseli. Hoja ya pili ina uzito zaidi, na sidhani kama Mwalimu ana jibu. Kwa kanuni zetu, kusukuma mlango wa chuma ni jaribio la Nguvu, ambayo Kinyozi anatuzidi, au la Wepesi, ambao mwizi wangu anawazidi wote? Kama ni Nguvu, zamu ilikuwa ya Kinyozi. Lakini kama ni Wepesi, basi Kaka muda wote alikuwa ananingoja mimi.